Damu ya Vitovu

Walipotoka ofisini kwa Profesa, Sajini alisubiri mpaka walipofika kwenye kona ya ukumbi, pale mlango wa maabara ya kinga ya mwili unapotazamana na sinki la kunawia mikono. Hapo akasimama, akapandisha suruali juu ya kitambi, akakohoa. Inspekta alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha mtu mzima anayetaka kumkosoa mkubwa wake wa kazi bila kumvunjia heshima.

"Afande, mazungumzo yalikuwa matamu," akasema. "Hata mimi nilisahau njaa, na unanijua. Lakini hukumuuliza alikuwa wapi."

Ilikuwa kweli. Wamekaa mle ndani mpaka chai ikapoa, na yeye Inspekta, mwanamke anayesifika kituoni kwa kumkamua shahidi mpaka tone la mwisho, hakuuliza swali lenyewe. Alikuwa amerudi utotoni.

Profesa alikuwa amemwanzia na habari za marehemu baba yake. Baba yake Inspekta alikuwa bwana mifugo, mkuu wa kituo cha uhimilishaji, pale ng'ombe wanapopandishwa mbegu kwa mrija, kule nje ya mji, na Profesa, kabla hajawa profesa wa chochote, alikuwa daktari wa mifugo kijana aliyepangiwa kazi chini yake. Watoto wa pale kituoni walimwita Mjomba Sindano, wakamkimbia kila alipotokea na mkoba wake. Leo amekumbuka kila kitu: fahali aliyeitwa Waziri kwa kupenda kulala wakati wengine wanafanya kazi, bati la stoo lililoimba upepo ukivuma, na kitoto cha kike chenye magoti ya vumbi kilichotaka kujua kila ng'ombe anawaza nini. Kitoto chenyewe ndiye huyu Inspekta. Ukutani nyuma ya kiti cha Profesa zilitundikwa picha za wanafunzi wake wa miaka yote, kila mmoja ndani ya koti jeupe, kila mmoja akicheka. Alimtajia mmojammoja yuko nchi gani. Hakuna aliyekuwa hapa.

"Nitamuuliza," Inspekta alisema.

"Najua utamuuliza. Nimekumbusha tu. Kazi ya sajini mzee ni kuwa mwiba kwenye kiatu."

Jambo lililowaleta lilikuwa hili. Mfuko mmoja wa ng'ambo hutoa tuzo kwa wanasayansi chipukizi wanaochunguza kinga ya mwili. Anayeipata hupewa maabara, msaidizi na miaka kadhaa ya kufanya utafiti wake katika taasisi kubwa huko huko. Kutoka taasisi hii walikuwa wamependekezwa wawili, na aliyetajwa wa kwanza alikuwa daktari mmoja wa kike ambaye wenzake walimwita Siafu, kwa jinsi asivyojua kukaa. Siafu alikuwa amekusanya damu ya vitovu vya watoto wachanga, watoto wa akina mama waliougua homa kali wakiwa wajawazito, kisha akawafuata watoto wale walivyokua. Alitaka kujua kama kinga ya mama huacha kumbukumbu katika damu ya mwanawe. Seli zile zilikuwa ndani ya vichupa vidogo, vichupa ndani ya sanduku, na sanduku ndani ya tangi la naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi kali kuliko baridi yoyote inayojulikana na mwenye jaketi.

Jumatatu asubuhi Siafu alifungua tangi akakuta nafasi ya sanduku lake, aliloliacha pale Ijumaa mchana, iko tupu. Majaji walikuwa wanafika Alhamisi. Watoto wale walishazaliwa na vitovu vilishakatwa; damu ile haikusanywi mara ya pili.

Mkurugenzi wa taasisi hakusubiri polisi wafikiri. Alimsimamisha kazi aliyependekezwa wa pili, kijana aliyeitwa Tai. Jina hilo lilitokana na tai ya shingoni ambayo hakuivua hata kazini, si yule ndege, ingawa tangu Jumatatu wengi walikuwa wanamtazama kama ndege.

Walimkuta chumba cha mikutano, alikoitwa ahojiwe, amekaa peke yake mwisho wa meza ndefu, mikono mapajani.

"Weka mikono mezani," Sajini alisema.

Tai aliiweka. Kidole gumba na viwili vinavyofuata, mkono wa kulia, vilikuwa na malengelenge yaliyotuna kama punje za mahindi mabichi.

"Umeungua moto?"

"Baridi."

"Baridi inaunguza?"

"Inaunguza, Sajini," Inspekta alijibu yeye badala ya Tai. "Ukishika chuma kilichotoka kwenye tangi lile, kinakubandua ngozi." Akamgeukia kijana. "Uliingiza mkono bila glavu. Lini?"

"Jumatatu. Siafu alipopiga ukelele."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta."

"Kutafuta nini, wakati sanduku lako lilikuwepo?"

"La kwake. Nilidhani limechanganywa. Nikavuta rafu moja, nikavuta nyingine. Sikukumbuka glavu. Afande, mimi na yeye tulikaa wote kwenye kile kibaraza cha wodi ya wazazi, tunangojea watoto wazaliwe. Yeye anachukua damu, mimi naandika lebo. Mama mmoja alijifungua mapacha, akatutania kwamba na sisi tuchukue mmoja tukamlee. Lile sanduku nalijua kama navyojua nguo zangu."

"Lakini likipotea, tuzo ni yako," Sajini alisema.

"Ndiyo."

"Na unaitaka?"

"Sana." Kijana aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Nikimshinda, nataka nimshinde akiwa ameshika sanduku lake mkononi. La sivyo nitakuwa nimeshinda kiti kitupu."

Nje ya mlango Sajini alikuna kidevu. "Anaongea vizuri. Wezi wazuri wote huongea vizuri. Vidole vimeungua, nia anayo, namba ya kufungulia mlango wa tangi anaijua. Kuna nini tena?"

"Glavu," Inspekta alisema. "Twende."

Chumba cha tangi kilikuwa chembamba, na mlango wake ulikuwa na kufuli la namba. Namba ile waliijua watu wachache: Siafu, Tai, Mkurugenzi na Profesa, ambaye alikuwa amestaafu lakini aliachiwa ofisi kwa heshima. Kufuli halikuvunjwa. Tangi lenyewe lilisimama pembeni kama pipa la mvua, mfuniko wake ukitoa ukungu mwembamba. Siafu alikuwa ameinamia meza ya pili, hafanyi kitu, anafuta mahali palipokwisha futwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, glavu nene za baridi mnaziweka wapi?" Inspekta aliuliza.

"Zinaning'inia pale kwenye msumari. Zina kitanzi."

"Ndivyo ulivyozikuta Jumatatu?"

Siafu alifikiri. "Hapana. Jumatatu zilikuwa huku, zimevikwa kwenye zile chupa mbili kubwa, vidole juu. Kama mtu anayenyoosha mikono kuomba. Nilishangaa kidogo, halafu nilipofungua tangi nikasahau."

Inspekta alizitazama zile chupa mbili, kisha akatazama dirisha. Sajini alimwona uso umebadilika akadhani amechoka.

"Kwa hiyo mwizi alivaa glavu," Sajini alisema polepole, akijifunza njiani. "Na huyu kijana aliungua kwa sababu hakuvaa. Basi kuungua kwake kunamtetea."

"Kunamtetea kidogo. Dada, kama ningetaka kukuharibia utafiti wako, ningefanyaje?"

Siafu alicheka kicheko kikavu. "Ungeinua sanduku ukaliacha mezani, ukaenda kunywa chai. Ukirudi seli zote zimekufa. Au ungeacha mfuniko wazi."

"Bila kubeba chochote."

"Bila kubeba chochote."

"Basi kwa nini huyu alibeba?"

Inspekta aliomba aonyeshwe stoo. Ilikuwa mwisho wa ukumbi, imejaa vitu ambavyo taasisi ilishindwa kuvitupa: hadubini zisizo na kioo, mashine ya kuzungushia damu iliyokufa zamani, viti vya miguu mitatu. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu kama shuka. Kwenye rafu ya chini kabisa, vumbi lile lilikuwa na duara safi, ukubwa wa chungu cha kupikia.

Inspekta alichuchumaa. Aliweka kiganja chake ndani ya lile duara, na kwa muda mfupi alikuwa mtoto wa magoti ya vumbi, kwenye stoo nyingine yenye bati linaloimba. Baba yake anafungua mtungi mdogo wa aluminiamu wenye shingo nyembamba, moshi mweupe unamiminika chini kama maziwa yanayochemka, na yeye ananyoosha mkono auchezee. "Usiguse, mama," baba anasema. "Huu si moshi wa jikoni."

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Vikorokoro vya zamani vya Profesa," Siafu alisema. "Hatuvitumii."

"Kulikuwa na mtungi. Mtungi wa kusafirishia mbegu za ng'ombe. Aliyechukua sanduku lako alilitia humo likiwa na baridi yake. Dada, sikiliza. Mwizi huyu hakutaka seli zako zife."

Siafu alishika ubao wa mlango. "Unasema ziko hai?"

"Sisemi hivyo bado. Mtungi mdogo ukijazwa hukaa na baridi siku chache, kisha unataka kuongezwa. Naitrojeni yenu mnaichotaje?"

"Kwa geji inayohesabu kila lita. Nimeangalia mwenyewe, wiki hii hakuna aliyechota zaidi ya kawaida."

"Na hapa mjini, nani mwingine anayo?"

Siafu alitikisa kichwa. Hakujua. Hakuwa na sababu ya kujua. Alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za ghorofa, na ng'ombe kwake alikuwa maziwa ya pakiti. Lakini Inspekta alijua. Alitamani asijue.

Getini alimsimamisha mlinzi, mzee mmoja mwenye filimbi shingoni.

"Mwisho wa wiki iliyopita, nani alitoka na mzigo?"

"Hakuna mgeni aliyetoka na mzigo, Afande. Wageni nawapekua mpaka soksi."

"Na wenyewe?"

"Wenyewe nawapigia saluti."

Gari liliiacha lami, likielekea kituo cha zamani cha baba yake Inspekta. Sajini akasema, kwa sauti ambayo haikuwa na mzaha hata chembe: "Zile glavu, Afande. Vidole juu."

"Baba yangu aliwafundisha vijana wake wote hivyo. Glavu ikining'inizwa vidole chini, unyevu unabaki ndani ya vidole, na kesho unavaa barafu. Aliwachapa viboko vya maneno mpaka wakashika. Hajawahi kufanya kazi kwenye taasisi ile mtu mwingine aliyetoka kituo cha baba."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Sajini alisema. Halafu, kwa upole: "Niongee mimi, ukitaka."

"Hapana. Ni mjomba wangu. Nitamuuliza mimi."

Kituo kilikuwa kimepungua. Au yeye ndiye alikuwa amekua. Nyumba waliyoishi ilikuwa sasa ofisi, imepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni, na dirisha la chumba chake cha utotoni lilikuwa limezibwa na kabati la mafaili. Josho lilikuwa palepale, saruji yake imepasuka, harufu ya dawa ya kupe ikamwingia puani na kumgonga kifuani kabla hajajiandaa. Nusura amwite mama yake aje amfungulie mlango. Bati la stoo lilikuwa limebadilishwa. Halikuimba.

Mkuu wa kituo wa sasa, bibi mchangamfu aliyevaa gambuti, hakuona ajabu yoyote kwa swali lao.

"Profesa? Yupo huku nyuma. Tangu Jumamosi anakuja kila mchana. Alituomba tumhifadhie mtungi wake, tumwongezee baridi. Mzee wetu huyo, tunamnyimaje? Picha yake na bwana mifugo wa zamani iko ofisini kwangu."

Walimkuta kwenye benchi kando ya ule uzio mwembamba wanamobania ng'ombe. Mtungi ulikuwa miguuni pake. Alikuwa amechovya kijiti cha mbao nyeusi shingoni mwa mtungi. Akakitoa, akakipunga hewani, akatazama theluji inapoishia kwenye kijiti ajue naitrojeni imebaki kiasi gani. Mikono yake ya kizee ilikuwa imara kama ya fundi saa. Alipowaona hakushtuka. Alisogea, akaacha nafasi kwenye benchi.

Inspekta hakukaa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Walipokuleta wewe, nilijua imekwisha."

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chumba cha tangi. Wote walikuwa wamekwenda kwenye hafla ya Mkurugenzi. Nilivaa glavu, nikahamisha sanduku, nikatoka getini na mtungi huu. Mlinzi alinipigia saluti." Alifunika mtungi taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Hazijapungukiwa baridi hata kidogo. Unaweza kumwambia hivyo."

"Utamwambia mwenyewe. Kwa nini?"

Profesa alitazama josho. "Unakumbuka kulivyokuwa na watu hapa? Vijana wa baba yako walijaa mpaka wakalala wawili wawili. Nilipoanzisha maabara kule mjini nilitaka iwe hivyo. Nikafundisha. Kila mwaka nilimpata mmoja mwenye kichwa, na kila mwenye kichwa akapata tuzo, na kila aliyepata tuzo akaniaga pale mlangoni akisema, nakwenda kidogo tu, Profesa, narudi. Nikawapa baraka. Mwaka wa kwanza anapiga simu kila juma. Wa pili anatuma picha ya harusi. Baadaye nasikia habari zake kwa watu. Mimi si mjinga, siwalaumu. Kule kuna vifaa. Lakini nikiingia maabara jioni nasikia viti vinalia, hakuna aliyekaa."

"Ndipo ukaiba."

"Nilimpendekeza mimi mwenyewe, mwanangu! Kwa mkono huu. Nilijua masharti ya tuzo. Nilidhani moyo utakubali, kama ulivyokubali mara zote. Kisha Siafu akapita ofisini, akaniuliza kule baridi ikoje, anunue koti la aina gani. Basi. Nikawaza: majaji wakija wakute hakuna sanduku, wataondoka, na wiki ijayo sanduku litaonekana, na yeye atabaki mwaka mmoja zaidi. Mwaka mmoja tu nilitaka."

"Na yule kijana? Amesimamishwa kazi tangu Jumatatu. Watu wanamwita mwizi njiani."

Hapo mzee aliinamisha kichwa. "Hilo sikulijua mpaka jana. Tangu jana silali."

"Ungesema jana."

"Ningesema. Leo asubuhi ulipoingia ofisini nilijiambia, akiniuliza tu, nasema. Hukuniuliza. Ukaniuliza habari za Waziri fahali. Nami nikawa na raha kama mtu aliyesamehewa."

Inspekta alihisi uso unamchoma. Aligeuka akamwona Sajini anatazama ng'ombe kwa makini makubwa, kama aliyekuja kununua.

"Sajini, beba mtungi. Usiulaze."

Maabara walifika jua likiwa bado juu. Inspekta alikuwa amepiga simu, na Siafu alikuwa mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, Tai pembeni yake na vidole vilivyofungwa bandeji. Siafu aliuona mtungi kwanza, kisha akamwona aliyekuwa nyuma yake.

"Profesa amesaidia kulipata sanduku?" aliuliza.

"Hapana," Profesa alisema. "Nimeliiba mimi. Na huyu kijana amebeba fedheha yangu. Nisameheni, ingawa sina haki ya kuomba."

Siafu alimtazama mzee kama anayetafuta neno baya la kutosha asilipate. Mwishowe akamwambia Tai tu: "Maji ya uvuguvugu."

Sanduku lilirudi kwenye tangi, kikabaki kichupa kimoja, cha mtoto mmoja. Siafu alikitumbukiza kwenye maji, akakitikisa kidogo kidogo mpaka kikabaki na punje ya barafu. Hapo hapo akakitoa, akaziosha seli, akadondosha rangi ya buluu. Tai alimweleza Sajini kwa kunong'ona: seli iliyokufa haina wa kumzuia mgeni, inainywa ile rangi. Iliyo hai inaikataa.

"Kama mlinzi wa getini," Sajini alinong'ona.

"Inampita yule wetu."

Siafu aliinamia hadubini. Chumba kizima kilisikia jokofu linavyonguruma. Alisogeza kioo, akasogeza tena. Bega lake moja lilishuka, kisha la pili.

"Zinang'aa," alisema. "Ziko hai. Karibu zote." Na hapo ndipo alipolia, amesimama, mikono ameiweka mbali na hadubini asije akaitikisa.

Tai alitazama, akacheka kwa sauti, akampiga mwenzake begani kwa mkono wenye bandeji, akajiumiza, akacheka tena. Profesa alibaki mlangoni. Hakujaribu kuingia.

Siafu alijifuta uso kwa kiwiko. Alivuta kigoda, akakiweka mbele ya hadubini, akarudi nyuma hatua moja.

"Njoo utazame, Profesa."

Mzee alikuja. Alivua miwani, akaweka jicho.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuyeyusha," Siafu alisema nyuma yake. "Ulisema nikitie maji kama ninavyomwogesha mtoto mchanga. Alhamisi utakuja, utawaambia majaji ulifanya nini, na baridi ilikuwa kiasi gani kila siku, ili wasitilie shaka. Utawaambia mbele ya Mkurugenzi, na mbele ya mwenzangu. Na wakinipa, nitakwenda."

"Utarudi?" aliuliza bila kuinua jicho.

"Sijui. Nisikudanganye. Sijui."

Profesa aliinua kichwa polepole, akatafuta miwani yake mezani, akaivaa.

"Wote waliniahidi," alisema. "Wewe wa kwanza kunijibu."

Alhamisi alisimama mbele ya majaji akasema yote, kwa sauti ya kufundishia, bila kujipunguzia. Mkurugenzi alimrudishia Tai kazi na kumwomba radhi ukumbini, mahali alipomfedhehesha. Taasisi haikutaka kesi iende mahakamani, lakini ilichukua funguo za Profesa na ofisi yake, na namba ya mlango ikabadilishwa mchana huohuo. Tuzo alipewa Siafu. Tai aliambiwa aombe tena mwaka ujao, na watu walioshuhudia wanasema alipeana mkono na mshindi kwa nguvu mpaka malengelenge yakapasuka.

Inspekta ndiye aliyempeleka mzee nyumbani, picha zake za ukutani zikiwa kwenye katoni kiti cha nyuma. Walipita mitaa ya mji, kwenye taa wakasimama, wakaondoka. Karibu na nyumbani Profesa akasema:

"Baba yako angekuwepo, angenipiga kofi."

"Angekupiga mawili, Mjomba," Inspekta alisema. "Halafu angekuambia ukae, chai iko mezani."

Mzee alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kitu kingine. Inspekta aliegesha gari kando ya barabara, akazima injini, akangoja amalize.